Kubadilishana au Kutia Ghalani? Uhakiki wa Istilahi za Kumbukumbu ya Kompyuta

Istilahi isiyoeleweka ina kasoro, lakini ina heri moja: humfanya mwanafunzi aulize. Istilahi iliyo mbaya zaidi ni ile inayoeleweka upesi, na ikaeleweka kinyume. Makala haya yanakusudia kuhakiki maneno matatu ya aina hiyo ya pili, ambayo ni rahisi kumjia mfasiri anapoeleza namna kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta kinavyotoa kurasa katika kumbukumbu na kuziweka katika diski. Maneno hayo ni kubadilishana, kosa la ukurasa, na kupura.

Kabla ya kuyahukumu maneno, hapana budi tulitazame jambo lenyewe. Kompyuta ina kumbukumbu kuu, ambayo ni ya haraka lakini ni haba. Na ina diski, ambayo ni kubwa lakini ni nzito. Programu haipewi anwani za kumbukumbu kuu moja kwa moja. Hupewa anwani za kudhaniwa, nazo hugawanywa katika vipande vilivyo sawa kwa ukubwa viitwavyo kurasa. Katika mashine nyingi za leo ukurasa mmoja ni baiti 4,096, kwa hiyo gigabaiti moja ya kumbukumbu ina nafasi ya kurasa 262,144. Nafasi hiyo moja, ambamo ukurasa hukaa, huitwa fremu. Neno hili tusilionee haya kwa kuwa ni la mkopo. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam anajua vyema kwamba fremu ni chumba cha duka. Mpangaji huhama, mwingine akaingia, na fremu ikabaki pale pale. Huo ndio uhusiano wa ukurasa na fremu.

Fremu tupu zinapokaribia kwisha, kiini hutafuta kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda, na hufanya moja kati ya mambo matatu. Ukurasa uliosomwa kutoka katika faili na ambao haujabadilika huachiliwa tu, maana nakala yake ingali katika faili. Ukurasa wa faili uliobadilika huandikwa kwanza katika faili lake, ndipo ukaachiliwa. Ama ukurasa usio na faili, yaani ule ambao programu iliuumba wakati wa kufanya kazi, hauna kwao pa kurudi. Huo huandikwa katika sehemu iliyotengwa kwa kazi hiyo, na kiini hutia alama ya kuonyesha mahali ulipo. Programu ikiuhitaji tena, kiini huusoma na kuuweka katika fremu yoyote iliyo tupu, wala si lazima iwe ile ya zamani.

Sasa tulitazame neno la kwanza. Kitendo hicho cha tatu Kiingereza hukiita swap, na mfasiri akifungua kamusi ataona kubadilishana. Lakini katika Kiswahili kiambishi -an- si pambo. Watu wawili wakibadilishana mashati, kila mmoja hutoa na kila mmoja hupokea. Katika kazi ya kiini hakuna malipo ya namna hiyo. Ukurasa unaotoka hausubiri ule unaoingia. Kiini hujitahidi kutoa kurasa mapema ili kiwe na akiba ya fremu tupu. Wala jambo hili si geni. Kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester, iliyozinduliwa mwaka 1962, ilikuwa na kumbukumbu kuu ya maneno 16,384, nayo iligawanywa katika kurasa za maneno 512 kila mmoja; yaani nafasi 32 tu. Hata katika uhaba huo, Tom Kilburn na wenzake waliipanga mashine ibakize nafasi moja wazi wakati wote, ili ukurasa unaohitajiwa uingie bila kungoja mwingine utoke. Mashine hii, ambayo ndiyo iliyotangulia katika kazi ya kurasa, haikubadilishana chochote.

Yumkini msomaji atauliza: ikiwa wenye lugha yao wanasema hivyo, sisi ni nani hata tukatae? Jibu liko katika historia ya neno. Katika mfumo wa CTSS, ulioonyeshwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1961, programu ya mtu mmoja ilitolewa nzima katika kumbukumbu, na ya mwingine ikaingizwa nzima mahali pale pale. Mfumo wa Unix nao, katika miaka yake ya mwanzo, ulitoa na kuingiza programu nzima nzima. Hapo neno la Kiingereza lilisema kweli. Baadaye, mwaka 1979, watu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley waliipa Unix uwezo wa kushughulika na ukurasa mmoja mmoja. Na Linux, ambayo Linus Torvalds aliitoa mwaka 1991, ilipata uwezo wa kupeleka kurasa diskini mwanzoni mwa 1992. Kitu kikabadilika, jina likabaki. Wenye jina wana haki ya kubaki nalo kwa mazoea. Sisi hatukuwa na mazoea hayo; basi tusirithi kosa ambalo hatukulitenda.

Badala yake tuseme nini? Wapo watakaopendelea kuhamisha. Neno hilo ni zuri, lakini lina kazi nyingine: kiini huhamisha pia ukurasa kutoka fremu moja hadi nyingine, ndani ya kumbukumbu kuu yenyewe, na hilo ndilo kuhamisha hasa. Wala haifai kulifunga jina na diski. Tangu mwaka 2014 kiini cha Linux kina njia iliyo rasmi ya kuzibana kurasa na kuziweka katika sehemu ya kumbukumbu kuu, bila ya kugusa diski kamwe.

Twapendekeza kutia ghalani. Mwenye duka huweka mbele bidhaa zinazotoka kila siku, na zile zisizoulizwa huzitia ghalani. Ghala laweza kuwa nyuma ya duka au mtaa wa pili. Sehemu iliyotengwa iitwe ghala la kurasa. Kitendo cha pili kisiitwe kutoa ghalani bali kurejesha, kwa sababu nakala ya ukurasa uliorejeshwa huweza kubaki ghalani, na ukurasa usipobadilika hauhitaji kuandikwa upya. Kasoro ya pendekezo hili tunaikiri: ni maneno mawili mahali pa moja. Hata hivyo, twaona ni afadhali maneno mawili ya kweli kuliko moja la uongo.

Neno la pili ni kosa la ukurasa. Programu ikigusa ukurasa usiokuwa tayari katika fremu, kichakato husimama na kumkabidhi kiini jambo hilo. Kiini huuleta ukurasa, na programu huendelea bila hata kujua kwamba ilisimamishwa. Kiingereza kimelipa tukio hili jina linalotumika pia kwa hitilafu, na mfasiri akaandika kosa. Lakini ni nani aliyekosea? Programu iliyo nzima kabisa hupata matukio hayo kwa maelfu inapoanza tu kufanya kazi. Fundi akisoma katika ripoti kwamba mashine ina makosa ya kurasa 20,000, atafungua bisibisi kutafuta ugonjwa usiokuwapo. Ajabu ni kwamba dawa imo katika shina lile lile la kitenzi. Kukosa ni kutenda yasiyo sawa, na kukosa ni kutokuwa na kitu. Tuseme basi ukosefu wa ukurasa. Linux hutenga aina mbili: ukosefu mdogo, ambao hauhitaji kusoma diski, na ukosefu mkubwa, ambao huuhitaji. Anayepima afya ya mashine atazame huo wa pili.

Neno la tatu latokana na hali ambayo Peter Denning aliieleza mwaka 1968. Programu zikihitaji kwa wakati mmoja kurasa nyingi kuliko fremu zilizopo, kila ukurasa unaorejeshwa hulazimisha mwingine utoke, na uliotoka huhitajiwa papo hapo. Kufikia kumbukumbu kuu huchukua takriban nanosekunde 100. Kufikia diski inayozunguka huchukua takriban milisekunde 10, yaani mara 100,000. Kama kunyoosha mkono dukani kungekuwa sekunde moja, safari ya ghalani ingechukua zaidi ya siku nzima. Mashine hutumia muda wake wote njiani, na kazi haiendi. Kiingereza huiita hali hiyo kwa neno lililo ndugu wa kupura nafaka. Lakini mpura mtama mwisho hupata mtama. Mashine hii haipati kitu. Kiswahili kina kuhaha: kukimbia huku na huko kwa dhiki, na pumzi zikitweta. Mashine inahaha, hakuna la kuongeza.

Huenda ikadhaniwa kwamba huku ni kuchambua maneno kwa anasa. Sivyo. Mtunza kompyuta aliyefundishwa kwamba kurasa hubadilishana, na kwamba kila ukosefu ni kosa, akiona ghala lina kurasa ndani yake atadhani mashine inakufa, na atalifunga ghala. Aliyefundishwa kwa maneno ya kweli atajua kwamba kurasa zilizolala ghalani tangu asubuhi hazimdhuru mtu, na fremu zake zimepata wapangaji wenye kazi. Atakachouliza ni je, kuna msafara usiokoma kati ya duka na ghala? Kama upo, mashine inahaha, na dawa yake ni kupunguza programu au kuongeza kumbukumbu. Hukumu mbili tofauti zimetokana na majina mawili tofauti.

Maneno kiini, ukurasa, fremu na kumbukumbu hatukuyagusa kwa sababu yanatosha, ingawa hilo la mwisho lina kichekesho chake: kumbukumbu za mkutano huandikwa ili zidumu, ilhali kumbukumbu kuu ya kompyuta husahau yote umeme ukikatika. Limekwisha kuzoeleka, na mazoea yetu wenyewe tuyaheshimu. Lakini pale ambapo neno bado halijaota mizizi, mfasiri asiulize kwanza Kiingereza kinasemaje. Aulize mashine inafanya nini. Mapendekezo haya twayaweka mbele ya wasomaji, hususa walimu na mafundi, wayajaribu darasani na kazini, na watakaoona kasoro watusahihishe.