Munkoyo, au uji unaomiminika

Uji wa mahindi ukishaiva na kupoa, huganda. Uongeze maji, utapata uji mwepesi wenye mabonge. Lakini katika nyua za Kasungami, huku kwenye komine Annexe pembezoni mwa Lubumbashi, akina mama huutia fungu la mizizi iliyopondwa, wakakoroga, na baada ya muda ule uji uliokuwa ukishikilia mwiko hulegea, ukawa majimaji na kumiminika. Ukionja ni mtamu, na hakuna aliyetia sukari. Kesho yake ndio munkoyo.

Utamu huo umetoka kwenye mahindi yenyewe. Mzizi una vimeng'enya vinavyokata wanga na kuugeuza sukari. Anayejua togwa ya Songea ataitambua kazi hiyo, ila kwenye togwa hufanywa na kimea, yaani nafaka iliyolowekwa ikaota. Wazungu nao huotesha shayiri, na bia za Simba na Tembo zinazopikwa hapa hapa Lubumbashi zinafuata njia hiyo. Wajapani hutumia kuvu wanaooteshwa juu ya wali. Huko Andes, Amerika ya Kusini, watu walitafuna mahindi wakayatema, mate yakamaliza kazi. Watu wa Katanga na jirani zao wa Zambia waliingia porini, na katika mizizi yote ya msitu wa miombo wakaipata michache inayoweza hayo. Wataalamu wa mimea wanaitaja Eminia, Rhynchosia na Vigna, zote za ukoo wa kunde. Nani alikuwa wa kwanza kutia mzizi wa porini kwenye uji wa watoto, na alikuwa akitafuta nini? Ningependa sana kukaa naye jioni moja.

Kujua mzizi ni nusu tu ya ufundi. Nusu ya pili ni moto, na hapo ndipo mkono wa mpishi hujulikana. Mizizi huoshwa udongo, ikatwangwa kinuni mpaka ibaki nyuzinyuzi za rangi ya kahawia, kisha ikalowekwa. Pembeni bunga, yaani unga, imepikwa uji kwa muda mrefu, kwa maana uji mbichi hautengenezi kitu. Sufuria ikiepuliwa, asiye na subira hutia mizizi papo hapo, akaiunguza: joto la kuchemka linaua nguvu yake, na uji unabaki uji. Akichelewa mpaka upoe kabisa, mizizi itafanya kazi kwa uvivu, na wadudu wasiotakiwa wataanza karamu mapema.

Mama mmoja wa Kasungami niliyekuwa nikimtazama hakuwa na kipimajoto. Alikoroga, akaacha, akakoroga tena. Alidondosha tone la uji juu ya mkono, nyuma ya kiganja, akalipangusa, akatikisa kichwa, akarudi kuchambua matamba yake, yaani majani ya muhogo. Mara ya tatu hakulipangusa. Alikamua mizizi ndani ya sufuria, akalitumbukiza na fungu lenyewe, akazungusha mwiko polepole, sufuria nzima, mpaka chini. Mwanzo mwiko ulikuwa mzito mkononi mwake. Kisha uji ukaanza kuteleza, ukapoteza weupe wake mzito, ukawa na rangi ya chai ya maziwa iliyofifia. Hakusema neno. Mimi ndiye niliyeguna.

Baada ya hapo ni kazi ya usiku. Bakteria wa jamii ileile inayogandisha mtindi huila sehemu ya sukari na kuleta uchachu. Mwezi wa sita na wa saba, Lubumbashi ikiwa na baridi ya kuumiza vidole, chombo hufunikwa kwa kitambaa kizito na bado kinachelewa. Mwezi wa kumi joto hufanya haraka, na asiyeangalia saa anaamka kukuta kinywaji kimempita. Ndiyo maana swali la mnunuzi ni moja.

“Mama, iko ya leo?”

“Ya jana mangaribi, mwanangu. Onja kwanza.”

Ya siku ya kwanza ni tamu, ya siku ya pili ina uchachu wa kukata kiu, na ikikaa zaidi huanza kupanda kichwani. Mlokole asiyegusa Simba anajua aishie wapi.

Siku hizi kila kinywaji cha asili husifiwa kuwa ni dawa ya magonjwa kumi. Munkoyo hauhitaji sifa hiyo. Ni nafaka inayosagika tumboni kwa urahisi, ina utamu usionunuliwa dukani, inashibisha kidogo na kuburudisha sana. Mbele ya soda za rangi nyekundu ninajua nitamnunulia mtoto nini. Ila nitamuuliza muuzaji kuhusu maji. Uji umechemshwa, lakini maji ya kulowekea mizizi mara nyingi hutoka kisimani yalivyo, na bidoni, yaani madumu, huoshwa haraka haraka. Uchachu hudhoofisha vijidudu vingi, si vyote, na Lubumbashi inakijua kipindupindu. Wapishi hodari huchemsha maji hayo pia, wakayapoza, ndipo waloweke.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mzizi wenyewe. Kuuchimba ni kuung'oa mmea. Miombo iliyokuwa karibu na mji imekwisha kwa makala, yaani mkaa, na mashamba, kwa hiyo wachimbaji wanakwenda mbali, na fungu linalofika sokoni linakuja limekauka, likiwa na bei ya safari ndani yake. Mama yule, alipomaliza kuchuja, hakuyatupa yale makapi ya nyuzi. Aliyasuuza, akayaanika juu ya bati. Yatatumika tena, alisema, ila nguvu yake itakuwa imepungua, kwa hiyo ataongeza konzi moja ya mizizi mipya.