Mshika Mawili: Mwandishi Mwenye Ajira na Kalamu ya Kila Siku

Utangulizi

Katika mtihani mmoja wa majaribio, watahiniwa wa Kidato cha Nne katika shule ninayofunza, Kaunti ya Migori, walitakiwa kuandika kisa kitakachodhihirisha ukweli wa methali "Mshika mawili moja humponyoka". Nilisahihisha insha 62. Wengi walisimulia habari za mfanyabiashara mwenye tamaa, mwanafunzi aliyechanganya masomo na mapenzi, au mvuvi aliyetelekeza nyavu zake ziwani ili akachimbe dhahabu Macalder. Mtahiniwa mmoja alisimulia habari za mwalimu wa kike aliyependa kutunga hadithi. Kila jioni mwalimu huyo aliandika. Madaftari ya wanafunzi yakarundikana, mtoto wake akaungua kwa uji, na mwishowe akaachishwa kazi.

Insha hiyo ilikuwa nzuri, nami niliituza alama 16 kati ya 20. Hata hivyo, iliniuma. Mswada wangu wa riwaya fupi ulikuwa umelala sandukuni kwa miaka 2, na sababu nilizojipa zilikuwa zile zile za mtahiniwa: madaftari na uji.

Makala haya yanadhamiria kuichunguza imani iliyo nyuma ya insha ile, yaani kwamba utunzi ni kazi ya mtu mwenye wasaa, na kwamba mwenye ajira na familia akiushika hana budi kuponyokwa na kimoja. Tutaipima imani hiyo kwa kurejelea maisha na tungo za Shaaban Robert, na kwa muhtasari, Mwana Kupona na Grace Ogot. Tutadai kwamba kwa waandishi hawa kilichoilinda kalamu kwa kiasi kikubwa hakikuwa wasaa. Kalamu yao ilidumu kwa sababu palikuwa na mtu aliyekuwa akiyasubiri maneno yao.

Karani aliyetunga

Wasifu wa Shaaban Robert tunaowapa wanafunzi wetu aghalabu huwa na sehemu mbili: tarehe ya kuzaliwa na orodha ya vitabu. Mwanafunzi hukariri kwamba alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, akafariki mwaka 1962, na kwamba alikuwa "mwandishi mwenye kipaji". Kinachoachwa ni ajira yake.

Kati ya 1926 na 1944 Shaaban Robert alikuwa karani katika idara ya forodha ya serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Baadaye alihamishwa kutoka pwani hadi Mpwapwa, bara. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akafanya kazi katika ofisi ya wilaya na kisha katika idara ya upimaji ardhi. Kwa zaidi ya miaka 30, basi, alikuwa mtu wa saa za ofisi, barua za wakubwa na amri za uhamisho. Kusadikika ilitoka mwaka 1951 na Adili na Nduguze mwaka 1952, mwenyewe akiwa bado mwajiriwa. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilichapishwa mwaka 1968, miaka 6 baada ya kifo chake. Ni dhahiri kwamba hakuishi kwa mapato ya kalamu.

Hapa pana kinaya ambacho mtahiniwa hodari anaweza kukitumia. Katika Utubora Mkulima, mhusika mkuu anaacha kazi ya mshahara mjini na kwenda kulima shamba, na huko anapata utulivu wa moyo. Aliyemuumba Utubora mwenyewe alikuwa karani, na alibaki karani kwa miongo mitatu. Riwaya hiyo yaweza kusomwa kama ndoto ya mwajiriwa. Kila mwalimu aliyewahi kuketi katika mkutano wa wafanyakazi huku akiwaza shamba lake Ndhiwa anaielewa ndoto hiyo bila kusaidiwa na mhakiki.

Tawasifu yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, inathibitisha hali hii. Sehemu ya kwanza ilitoka mwaka 1949, na sehemu zote mbili zikaunganishwa katika kitabu kimoja baada ya kifo chake. Msomaji anayetarajia siri za ufundi wa utunzi atakutana badala yake na kazi, ndoa, msiba wa mkewe Amina, malezi ya watoto na safari za uhamisho. Msimulizi wa nafsi ya kwanza hatengi sura ya "mwandishi" mbali na sura ya baba, mume na mtumishi. Ushairi unaingia pale maisha yanapouhitaji: mke anafariki, anaombolezwa kwa shairi; mtoto anakua, anausiwa kwa utenzi.

Umbo la utungo na umbo la muda

Je, hali ya mtunzi imeacha alama katika fani yake? Nadhani imeacha, ingawa hatuna budi kusema hivyo kwa hadhari.

Tuutazame Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945. Ni utungo wa beti zipatazo 3,000. Mtahiniwa akisikia idadi hiyo hushtuka. Lakini tukizigawa kwa siku za miaka 6 ya vita, tunapata takriban ubeti mmoja na nusu kwa siku. Hatudai kwamba alitunga kwa mpango huo hasa. Tunachodai ni kwamba hesabu yenyewe ni ya kiasi ambacho mtu mwenye ajira anaweza kukimudu. Bandu bandu huisha gogo.

Umbo la utenzi linasaidia. Ubeti una mishororo 4 mifupi, aghalabu ya mizani 8. Mishororo 3 ya kwanza hushiriki kina kimoja, na wa nne hushikilia kina cha bahari kinachoendelea hadi mwisho. Ubeti wa namna hii unaweza kutungwa kichwani mtu akiwa njiani na kuandikwa akifika. Tena kina cha bahari humngoja mtunzi. Hata akikatizwa siku 3 na mgonjwa nyumbani, akirudi anaikuta bahari pale pale alipoiacha. Kusadikika nayo, ingawa ni nathari, ina umbo la kukatika na kuungana. Karama anajitetea mbele ya baraza kwa kusimulia safari za wajumbe 6, na kila safari inajitosheleza.

Mhakiki mwenzangu anaweza kupinga kwamba utenzi ni urithi uliokuwepo kabla ya Shaaban Robert, na kwamba masimulizi ndani ya masimulizi ni mbinu kongwe. Ni kweli, hakuvumbua lolote kati ya hayo. Hata hivyo, kuna umuhimu katika kuteua. Mtunzi mwenye muda uliokatikakatika aliteua maumbo yanayovumilia kukatizwa. Hili ni jambo la fani, na si la wasifu pekee.

Anayesubiri maneno

Maumbo pekee hayatoshi. Wengi wetu tunazijua bahari zote na hatutungi. Turudi nyuma karibu karne moja kabla ya Kusadikika.

Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mjane na akiwa mgonjwa. Alifariki miaka 2 baadaye. Utendi una beti zaidi ya 100 na unaelekezwa kwa binti yake, Mwana Hashima. Katika beti za mwanzo mama anamwita binti aje karibu na wino na karatasi. Taswira hiyo inaeleza mengi. Kutunga hapa hakumwondoi mama katika malezi. Ni malezi yenyewe, yakifanywa kwa njia iliyobaki baada ya mwili kushindwa na njia nyingine.

Shaaban Robert alifuata nyayo hizo alipomtungia binti yake Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili. Mzazi anayehamishwa huku na huko na serikali hana hakika ya kuwapo mtoto atakapohitaji neno lake. Utenzi unabaki nyumbani. Kwa hiyo swali la "alipata wapi muda?" linageuka. Baba hapati muda wa kumuusia mtoto. Huutenga, kwa kuwa ni wajibu.

Ng'ambo ya Ghuba la Winam, tukitazama kutoka Homa Bay, ndiko Asembo alikozaliwa Grace Ogot mwaka 1930. Alisomea uuguzi Uganda na Uingereza, akafanya kazi hospitalini Maseno, na baadaye akawa mbunge na waziri msaidizi. Ingawa hakuandika kwa Kiswahili, anatufaa. Katika hadithi "The Old White Witch", iliyomo katika mkusanyiko wa Land Without Thunder (1968), wauguzi wa hospitali ya misheni wanagoma kwa kulazimishwa kubeba vyombo vya choo vya wagonjwa. Hadithi hiyo ingeandikwa vipi na mtu asiyewahi kushika zamu wodini? Ajira ilimpa malighafi. Mwaka 1983 alitoa Miaha kwa Kidholuo, lugha ambayo watu wa kwao wangeisoma bila mkalimani. Naye pia alijua anayemwandikia.

Pingamizi: nani anapika?

Yaliyosemwa hapo juu yana hatari ya kuwa mahubiri. Ni rahisi kumwambia mwalimu "andika kila siku" bila kuuliza ni nani anayeteka maji. Ukisoma tena Utenzi wa Hati na Utenzi wa Adili kwa pamoja, swali hilo halikwepeki. Nasaha anazopewa binti zinamwelekeza sana katika utunzaji wa nyumba na utiifu kwa mume. Mtoto wa kike aliyetimiza yote hayo angepata saa ngapi ya kutunga utenzi wake? Kalamu ya baba ilidumu katika nyumba ambayo kazi zake nyingi zilikuwa mikononi mwa wanawake. Mhakiki asiyelitaja hili anasoma nusu ya kitabu.

Mimi hufunza Migori siku za juma, na familia yangu iko Homa Bay. Ijumaa hupanda matatu, tukapita Awendo nyuma ya matrela ya miwa, tukafika Rongo, kisha Rodi Kopany. Nifikapo nyumbani hakuna anayeniuliza kama nimeandika. Naulizwa kama nimenunua sukari. Kwa hiyo sidai kwamba wajibu daima ni rafiki wa kalamu. Nadai jambo dogo zaidi: wajibu ukigawanywa kwa haki nyumbani, ule unaobaki unaweza kuandikwa.

Mafunzo kwa mwalimu na mtahiniwa

Katika KCSE, Karatasi ya Kwanza humtaka mtahiniwa aandike insha 2, kila moja isipungue maneno 400, kwa saa 1 na dakika 45. Mtahiniwa anayeandika insha mara 3 tu kwa muhula huingia chumba cha mtihani kama mtu anayetakiwa kukimbia akiwa hajatembea. Mwalimu naye, akiwa na wanafunzi 62, husoma takriban maneno 50,000 katika mtihani mmoja. Huo ni urefu wa riwaya. Tunasoma riwaya ya watu 62 kila muhula, kisha tunasema hatuna muda wa fasihi.

Tangu insha ile, darasa langu huandika kwa dakika 10 kila siku kabla ya somo la mwisho, nami huandika pamoja nao. Sharti ni moja: kila mmoja amwandikie mtu anayemjua. Wanafunzi wetu ni wa kutwa. Jioni wengine huanika omena, wengine huchunga, wengine huwapikia wadogo zao, kwa hiyo kazi hii haipelekwi nyumbani. Mwanafunzi mmoja alimwandikia nyanya yake asiyejua Kiswahili. Alipomsomea kwa kutafsiri hadi Kidholuo, nyanya alimkatiza kila mara akiuliza ni nani aliyefanya hili au lile. Kesho yake mvulana huyo alinionyesha sentensi 4 zisizo na mtenda. Miaka 2 ya wino wangu mwekundu haikuwa imemwonyesha hilo.

Nami nimeutoa mswada sandukuni. Ndani ya matatu sentensi hutungwa kichwani, maana barabara haikubali kalamu, na usiku humsomea binti yangu mwenye umri wa miaka 9. Hujui ukali wa mhakiki mpaka usikie mtoto akiuliza "Halafu?" mahali ulipodhani pamekwisha. Niko sura ya 4.

Hitimisho

Methali iliyotahiniwa si ya uongo. Mshika mawili yanayovutana ataponyokwa. Lakini Mwana Kupona, Shaaban Robert na Grace Ogot wanatuonyesha kwamba kalamu na wajibu havivutani kila mara; mara nyingine ni jambo moja lililoshikwa kwa mikono miwili. Mtahiniwa wangu aliandika kisa alichokiona, kwa kuwa hajawahi kumwona mwalimu anayeandika na madaftari yakarudi kwa wakati. Kumwonyesha ni kazi yetu.

Maswali ya marudio

1. "Utubora Mkulima ni ndoto ya mwajiriwa." Jadili.
2. Eleza jinsi umbo la utenzi linavyomfaa mtunzi mwenye muda uliokatikakatika. Je, hoja hii ina udhaifu gani?
3. Linganisha nafasi ya mtoto kama msikilizaji katika Utendi wa Mwana Kupona na Utenzi wa Hati.
4. Andika kisa kinachopinga methali "Mshika mawili moja humponyoka".