Kelele kama Kipimo cha Uchokozi: Tathmini ya Jaribio la Taylor

Jaribio la ushindani wa kasi lililoasisiwa na Stuart Taylor mwaka 1967 limetumiwa sana katika saikolojia kupima mwelekeo wa uchokozi. Hapo awali mshiriki alimchagulia mpinzani wake kiwango cha mshtuko wa umeme. Baadaye mahali pa umeme pakachukuliwa na kelele, ambayo mshiriki huamua ukali na muda wake. Mpinzani mwenyewe, kwa kawaida, hayupo kabisa. Hata hivyo, udhaifu mkubwa haumo katika udanganyifu huo bali katika ukokotoaji wa alama. Mtafiti mmoja huchukua ukali peke yake, mwingine muda, wa tatu huzidisha vyote viwili, na wa nne huhesabu raundi ya kwanza tu, kabla mshiriki hajachokozwa. Malte Elson na wenzake walionesha mwaka 2014 kwamba data zilezile, zikikokotolewa kwa njia tofauti, huweza kuzaa matokeo tofauti. Kwa hiyo, dai kwamba michezo ya video huchochea uchokozi, pale linapoegemea kipimo hiki, ni vigumu kulipima iwapo kanuni ya ukokotoaji haikutajwa kabla ya data kukusanywa. Aidha, katika matoleo yasiyo na kiwango cha sifuri, hata asiyetaka kumwadhibu mtu huandikiwa alama ya uchokozi.