Tumwimbie Bwana kwa Sauti ya Nani?

Vijana wa Singida Mjini wanapozungumza nasi juu ya imani, swali moja halikosi kujitokeza: je, Ukristo si dini ya Wazungu? Wengi wetu hujibu upesi kwamba Injili ni ya watu wote. Jibu hilo ni la kweli, lakini kijana anayeuliza hasikilizi jibu letu tu. Anaitazama pamba iliyobandikwa juu ya mti wa Krismasi kuigiza theluji, katika mji ambao mwezi Desemba huangalia mawingu ukisubiri mvua ya kupandia. Zaidi ya yote, anasikia tunavyoimba. Kwa hiyo tumeona vyema kulipima swali lake kwa nyimbo za ibada zetu, maana Mlutheri huimba imani yake kabla hajajua kuieleza.

Tuanze na lililo wazi. Towashi Mwethiopia alirudi kwao akifurahi (Mdo. 8) wakati Ulaya ya kaskazini haijasikia jina la Yesu. Ufalme wa Aksumu uliipokea imani katika karne ya 4. Athanasio wa Aleksandria na Agostino wa Hippo walikuwa watu wa bara letu, na Kanisa la Magharibi limekula chakani mwao mpaka leo. Wajerumani nao waliletewa Injili na wageni. Mmoja wao ni Bonifasi, aliyetoka Uingereza katika karne ya 8. Hakuna taifa lililoipokea Injili bila mkono wa mgeni. Tofauti iko katika jambo lifuatalo: taifa hilo lilifanya nini baada ya kuipokea?

Kwetu Singida, mgeni huyo alikuwa hasa Misioni ya Augustana kutoka Marekani, iliyofika Tanganyika katika miaka ya 1920, baada ya Wajerumani kuondolewa kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza. Hospitali za Iambi na Kiomboi zinatukumbusha kazi ya watu wale. Walikuja pia na nyimbo walizolelewa nazo, za Kiswidi, za Kijerumani na za Kiingereza. Hatuwalaumu kwa hilo, maana mtu hulisha wageni wake kwa kilicho jikoni mwake. Tena Wakristo wetu wa kwanza wenyewe waliiacha ngoma nje ya kanisa wakiwa na sababu. Kwao ngoma iliita watu kwenye mambo ambayo walikuwa wameyakana siku ya ubatizo. Sababu hiyo tunaiheshimu. Lakini sababu ya kizazi cha kwanza imegeuka kuwa sheria kwa kizazi cha nne, ambacho hakijui tena ngoma ile ilikuwa ikisema nini.

Sasa tukitazame kitabu cha Mwimbieni Bwana, kilicholea vizazi vya Walutheri. Mafundisho yake ni mazito na safi. Wagonjwa wengi wamefarijiwa kwa nyimbo zake, na wafu wetu tumewazika kwa hizo. Udhaifu wake uko katika ndoa ya maneno na tuni. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tunasema MU-ngu, BWA-na, mwo-KO-zi. Tuni nyingi za Ulaya huanza kwa noti dhaifu, kisha noti yenye nguvu. Neno “Mungu” likianguka hapo, tunaimba mu-NGU, namna ambayo hakuna anayelitamka nyumbani wala sokoni. Tumezoea hata hatusikii tena. Kwa Mnyaturu jambo ni zito zaidi, kwa sababu katika Kinyaturu kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana. Tuni ngeni ikilazimishwa juu ya lugha ya namna hiyo, yaweza kulipotosha neno lenyewe.

Ajabu ni kwamba aliyelipigia kelele jambo hili mapema ni Luther. Mwaka 1525 alipinga kuyabandika maneno ya Kijerumani juu ya tuni za Kilatini. Alitaka maneno, noti na mkazo vyote vitoke katika lugha ya mama, akaona kwamba kufanya vinginevyo ni kuiga kama nyani. Mwaka uliofuata akatoa utaratibu wa ibada kwa Kijerumani. Basi anayezilinda tuni za Kijerumani kwa jina la Luther hajamsikiliza Luther.

Katika Kanisa letu walikuwapo waliomsikiliza. Howard Olson, mmisionari Mmarekani aliyechunguza Kinyaturu na kuchapisha kazi juu ya matamshi na muundo wake mwaka 1964, alifundisha katika Chuo cha Theolojia Makumira. Huko, pamoja na wanafunzi waliozijua nyimbo za kwao, alikusanya tuni za Kiafrika zenye maneno ya Kikristo, na kitabu kikaitwa Tumshangilie Mungu. Mwaka 1966 mwanafunzi wa Makumira, Bernard Kyamanywa, aliandika Mfurahini, Haleluya, wimbo wa Pasaka wenye tuni ya Kitanzania. Maneno yake hayapambani na tuni, na mtoto asiyejua kusoma huushika kwa kuusikia mara mbili. Wimbo huo ulivuka bahari. Ulrich Leupold aliuandikia maneno ya Kijerumani mwaka 1969, na leo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha Kanisa la Kiinjili la Ujerumani. Kwa hiyo siku ya Pasaka Wajerumani huimba wimbo wetu, nasi tunaona aibu kupiga ngoma tukiimba wa kwetu.

Hata hivyo tusikisifu Tumshangilie Mungu kupita kiasi. Wimbo wa asili huishi kwa kiongozi na waitikiaji. Kiongozi huongeza neno, hurefusha, hugeuza kadiri watu wanavyoitikia. Ukichapishwa beti kwa beti hukaa kama ndege ndani ya tundu. Tena tuni ya kabila moja ni ngeni kwa kabila jingine. Si kila kilicho cha Kiafrika ni cha Mnyaturu au Mnyiramba. Na mara nyingi tumeziacha nyimbo hizi kwa kwaya, ziimbwe siku ya wageni kama pambo, huku usharika mzima ukirudi kwenye zile za zamani.

Wako wanaodhani vijana wameshatatua tatizo hili kwa vinanda vya umeme na spika kubwa. Sisi hatuoni hivyo. Mdundo uliopangwa tayari kiwandani na miondoko iliyochukuliwa kwenye televisheni za Marekani ni Magharibi ile ile. Imebadili vazi tu. Tofauti ni kwamba nyimbo za zamani zilibeba mafundisho, na nyingi za hizi mpya zinarudia ahadi ya mafanikio bila msalaba.

Wala tusiseme kwamba kila cha kwetu ni kitakatifu. Katika mkoa wetu ukeketaji umetetewa kwa jina la mila, na hata watoto wachanga wamekatwa kwa siri kwa kisingizio cha kutibu lawalawa, ingawa sheria ilikataza ukeketaji wa wasichana tangu 1998. Injili inayoihukumu fahari ya Magharibi inaihukumu na mila hiyo, bila kumwonea haya mzee yeyote. Huwezi kuitaka ngoma kanisani ukanyamaza juu ya kisu.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 7, linafundisha kwamba kwa umoja wa Kanisa yatosha kukubaliana katika mafundisho ya Injili na katika Sakramenti. Desturi zilizowekwa na wanadamu si lazima zifanane kila mahali. Mitume nao katika Mdo. 15 hawakuwatwika Mataifa desturi za Kiyahudi. Basi wazee wa kanisa wana uhuru, na uhuru ni kazi. Usharika waweza kuchagua wimbo mmoja kila mwezi wenye tuni ya kwetu, uimbwe na watu wote. Bibi anayejua tuni za kale aulizwe ilikuwa ya shughuli gani, ili tujue kipi kipokewe na kipi kiachwe. Mtunzi wa kwaya asome maneno yake kwa sauti kabla hayajapewa noti.

Tukifanya hivyo, kijana atakapouliza tena kama Ukristo ni wa Wazungu, hatutahitaji hoja ndefu. Tutamkaribisha ibadani, asikie jina la Yesu likitamkwa kama anavyolitamka mama yake.