Nasaba ya Mama na Lugha ya Mama: Ukoo wa Kike wa Kiasia Ukitazamwa kutoka Katuba

Neno asili si neno jepesi katika Katuba. Katika komini hii ya Lubumbashi, iliyoanzishwa enzi za ukoloni wa Wabelgiji ili ikaliwe na Waafrika, mtoto huanza kusema kwa Kiswahili, ilhali bibi yake mzaa mama huenda alilelewa kwa Kiluba, Kibemba, Kisanga au Kisonge. Mwaka 1992 na 1993, watu waliohesabiwa kuwa wa asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo hilo, lililokuwa likiitwa Shaba, hasa katika miji ya Likasi na Kolwezi. Wengi walikuwa wamezaliwa huko huko. Walipakiwa katika treni na kupelekwa "kwao", mahali ambapo baadhi yao walikuwa hawajapaona hata siku moja. Kwa hiyo elimu yoyote inayoahidi kumwambia mtu asili yake kwa kupima damu ya upande wa mama inastahili kusomwa hapo kwa makini kuliko kwingineko.

Elimu inayohakikiwa hapa ni ile inayofuatilia tawi moja la nasaba ya mama lenye chimbuko la Kiasia, ambalo wataalamu wameliandika kwa herufi na tarakimu: B4a1a1. Msingi wake ni rahisi kueleza. Ndani ya chembe za mwili wa kila binadamu mna mitokondria, na DNA ya mitokondria hiyo hutoka kwa mama peke yake. Baba huwa nayo, lakini hairithishi. Mabadiliko madogo yanayotokea katika DNA hiyo hupita kutoka kwa mama hadi kwa binti kama alama, na kwa kulinganisha alama hizo huchorwa mti wa nasaba. Tawi la B4a1a1 limeenea mashariki hadi visiwa vya mwisho vya Polinesia, na magharibi hadi Madagaska. Mwaka 1995, Soodyall, Jenkins na Stoneking walionyesha kuwa Wamalagasi wanazo alama zilizokuwa zimezoeleka kuitwa za Kipolinesia. Mwaka 2010, Razafindrazaka na wenzake waligundua kuwa Wamalagasi wenye alama hizo wana mabadiliko mengine mawili ya ziada. Katika sampuli zao tawi hilo lilifikia asilimia 50 kwa Wamerina, 22 kwa Wavezo na 13 kwa Wamikea.

Hata hivyo, makala yenye faida kubwa zaidi kwa msomaji wa Afrika ya Kati ni ile ya mwaka 1996, iliyoandikwa na Soodyall na wenzake juu ya upungufu wa herufi tisa. Katika sehemu fulani ya DNA ya mitokondria, kipande cha herufi tisa kwa kawaida huandikwa mara mbili. Kwa watu wengi wa Asia ya mashariki, Polinesia na Amerika ya asili, nakala moja imepotea. Upungufu huo ulifikiriwa kuwa muhuri wa Asia, nao unaandamana na tawi lililotajwa hapo juu. Kisha ukaonekana Afrika: watu 81 kati ya 919 waliopimwa kusini mwa Sahara walikuwa nao, wakiwemo Wambilikimo na watu wengine wa Afrika ya Kati, watu wa Malawi, na wasemaji wa lugha za Kibantu wa kusini. Kwa Wakhoisan haukuonekana kabisa.

Mtu mwenye haraka angeweza kujenga hapo hadithi nzima: merikebu za Waasia, akina mama wa Kiasia wakisafiri bara hadi kwenye misitu ya Kongo. Waandishi hawakufanya haraka. Walisoma herufi zilizouzunguka upungufu huo, wakakuta kwamba mazingira yake kwa Waafrika ni tofauti kabisa na mazingira yake kwa Waasia. Wakahitimisha kwamba badiliko hilo lilitokea Afrika peke yake, tena zaidi ya mara moja, na kwamba huenda lilianzia Afrika ya Kati kisha likasafiri kuelekea kusini pamoja na kuenea kwa Wabantu. Kile kilichodhaniwa kuwa muhuri wa mgeni kilikuwa cha mwenyeji. Hata katika kichwa cha makala, maneno yanayodai kuwa upungufu huo ni wa Asia tu yamewekwa ndani ya alama za kunukuu, na alama hizo zina kazi kubwa kuliko aya nyingi za wanaoiga uchunguzi huo.

Mwanafunzi wa isimu linganishi anaijua njia hiyo vizuri, ingawa kwa vitu vingine. Katika Kimbabaram, lugha ya wenyeji wa Australia, mbwa huitwa dog, sawa na katika Kiingereza, na hakuna undugu wala ukopaji wowote baina ya lugha hizo mbili. Neno moja halithibitishi kitu. Lakini mtu akiweka Kimalagasi kando ya Kimalay na kukuta efatra na empat kwa nne, enina na enam kwa sita, na akiona kuwa sauti zinalingana kwa utaratibu katika mamia ya maneno mengine, hapo ana ushahidi. Ndivyo Otto Dahl alivyofanya mwaka 1951 alipoonyesha kuwa jamaa wa karibu wa Kimalagasi ni Kimaanyan cha kusini mwa Borneo. Aidha, maneno omby, akoho, amboa na akanga, yaani ng'ombe, kuku, mbwa na kanga, yamejikusanya katika uwanja mmoja wa ufugaji na ndege, nayo yanaonyesha kwamba waliofika kutoka mashariki walijifunza wanyama wa huku kwa wasemaji wa Kibantu wa pwani.

Kazi za baadaye hazina uangalifu sawa katika kila jambo. Jina "Kipolinesia" lenyewe linapotosha, kwa kuwa linataja mahali ambapo alama hizo zimejaa, si mahali zilipozaliwa. Nayo makala ya Cox na wenzake ya mwaka 2012 ilikadiria, kwa vielelezo vya kompyuta, kwamba Madagaska ilianzishwa na wanawake wapatao 30 miaka 1200 hivi iliyopita, wengi mno wakiwa wa visiwa vya Asia. Hesabu hiyo ni ya mistari ya uzazi iliyodumu. Haihesabu abiria wa chombo kimoja. Wasomaji wengi waliigeuza kuwa kisa cha mashua ya wanawake, na sehemu ya lawama ni ya kichwa cha makala, kinachosema kwamba kundi dogo la wanawake ndilo lililoanzisha Madagaska. Kazi ya Brucato na wenzake ya mwaka 2018 ilipunguza utamu wa kisa hicho, kwa kuonyesha kwamba damu ya Kiasia iliingia Komoro mapema zaidi, karibu na karne ya 8. Mchele na choroko zilizochimbuliwa Komoro, zilizoelezwa na Crowther na wenzake mwaka 2016, zinaelekea huko huko.

Jambo ambalo kazi hizi zinalipita haraka mno ni uhusiano wa nasaba na lugha. Mmikea, ambaye ukoo wa kike wa Kiasia kwake ni asilimia 13 tu, anasema Kimalagasi kama Mmerina mwenye 50. Tena Kusuma na wenzake, mwaka 2015, walikuta kwamba Wamaanyan, jamaa wa karibu kilugha, hawashirikiani sana na Wamalagasi kinasaba. Kwenye pwani ya Waswahili picha ni nyingine. Uchunguzi wa mwaka 2023 juu ya mifupa ya watu 80, wakiwemo wa Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara, ulikuta kwamba mistari ya mama karibu yote ni ya Kiafrika, na ya baba kwa wingi ni ya Asia, hasa Uajemi. Huko mtu angeweza kusema kwamba watoto walishika lugha ya mama zao. Madagaska kanuni hiyo inayumba.

Katuba inaivunja kabisa. Kiswahili kilifika Katanga pamoja na misafara ya biashara na Wayeke wa Msiri, aliyeuawa mwaka 1891; kisha kikatumiwa na serikali ya kikoloni na kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ambayo ilikusanya wafanyakazi kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Lomami na Rwanda-Urundi. Wanawake waliolea watoto wa kwanza wa mitaa hiyo hawakutoka pwani, na wengi wao walijifunza Kiswahili ukubwani, sokoni na bombani. Mchunguzi wa nasaba ya mama akipima watu wa Katuba asingepata katika damu dalili yoyote ya sababu inayowafanya waseme lugha wanayosema. Angepata, pengine, ule upungufu wa herufi tisa, na asipokuwa na subira ya wale wa mwaka 1996 angewapeleka Asia, kama wengine walivyopelekwa Kasai.

Inabaki shida ya istilahi, ambayo ni ya wanaisimu na hawawezi kuwaachia wanabiolojia. Kiswahili kinatumia asili kwa mambo matatu: chimbuko la lugha, nasaba ya mwili na haki ya mtu kukaa mahali. Katika kufasiri kazi hizi ingefaa chimbuko liachiwe lugha, na nasaba iachiwe damu. Neno ukoo nalo lina mtego. Kwa Mbemba, ambaye ukoo wake hufuata mama, "ukoo wa kike" husikika kama jamaa zake halisi, wenye jina na wajomba. Kwa Mluba wa Kasai, anayefuata baba, husikika kama watu wa upande mwingine. Tawi la B4a1a1 si ukoo kwa maana yoyote kati ya hizo. Wanawake waliolibeba hawakupata kujuana, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa alikuwa nalo.