Swichi inayokula betri moja kwa moja

Jamani, hii ndiyo yenyewe! RB260GS, swichi ya mtandao ya MikroTik, kampuni ya Latvia, nimeifungua jana jioni hapa Butembo na sitaki kuiweka chini.

Kwanza umeme, maana hapo ndipo swichi nyingi hutuangusha. Kuanzia Kanyabayonga hadi Beni, ofisi ndogo nyingi zinaishi kwa paneli na betri. Hii inapokea volti 8 hadi 30! Nikaiunga kwenye betri ya volti 12, bila invata, na taa zikawaka. Betri ishuke hadi 11 usiku, ipande hadi 14 mchana, yenyewe haina habari.

Kisha ukiipa kompyuta anwani ya mtandao uleule, ukaandika 192.168.88.1 kwenye kivinjari, ukurasa wake wa mipangilio unafunguka papo hapo. Hakuna leseni ya kulipia. VLAN (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi moja) zipo, lakini kwa duka dogo hata huzihitaji: kuna jedwali la visanduku, unaondoa tiki kati ya tundu la wifi ya wateja na tundu la kompyuta ya hesabu, basi, hawaonani tena, na wote wanaendelea kupata intaneti. Ni usalama ambao swichi nyingi za kawaida hazina.

Kilichonipagawisha zaidi ni ukurasa wa takwimu. Tundu la tatu lilionyesha makosa yakiongezeka. Nikatikisa waya karibu na kichwa chake, namba zikapanda mbele ya macho yangu! Nikakata, nikapiga kichwa kipya, zikasimama palepale. Fundi asiye na chombo hiki angebadilisha waya wote.

Matundu ya waya ni matano, na la sita ni la nyuzi za kioo. Duka na depo vikiwa nyumba mbili tofauti, tumia hilo: kioo hakipitishi radi.

Ila ukurasa wake hausimbwi, kwa hiyo badilisha nywila na uruhusu tundu moja tu kuufungua. Na kama una umeme wa uhakika na unataka matundu manane, TL-SG108E ya TP-Link inatosha.

Ukimwagiza mtu anayekwenda Kampala au Dubai, asome lebo vizuri: RB260GS huandikwa pia CSS106-5G-1S. RB260GSP ni ndugu yake anayetoa umeme kwenye matundu manne, kwa vifaa vinavyokubali volti zilezile unazoilisha.