Mhusika Bapa na Msomaji Wake

Kila anayesoma fasihi amekariri maneno mawili: bapa na duara. Mhusika duara tunamsifu kwa kuwa hubadilika, nafsi yake ina mikunjo, na anaweza kutushangaza. Mhusika bapa tunampa mstari mmoja katika mtihani, kisha tunamwacha. Mgawanyo huu aliueleza E.M. Forster mwaka 1927, nasi tumeupokea na kuugeuza kipimo cha ubora, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba wahusika bapa wana kazi yao. Kwa kipimo hicho katuni zote za magazeti yetu zimefeli kabla hazijasomwa. Makala haya yanakusudia kuzitetea, na shahidi wangu ni msomaji mmoja tu: mdogo wangu, kijana wa miaka 13, mkazi wa Nyakitonto wilayani Kasulu, mwenye usonji.

Najua shahidi mmoja ni haba. Lakini ndugu msomaji, sisi ambao kila insha tunamtaja “msomaji” na “hadhira”, ni wangapi tumewahi kukaa tukamtazama hata mmoja akisoma?

Usonji si laana, wala si ugonjwa wa kuambukizana. Leo Kanner aliueleza huko Marekani mwaka 1943, na Hans Asperger akaandika Vienna mwaka uliofuata. Neno lenyewe la Kiswahili limekuja baadaye sana, na kule kwetu milimani bado halijakaa vizuri vinywani mwa watu. Kabla yake mdogo wangu alikuwa na majina mengine. Aliitwa bubu, ilhali anasema. Aliitwa zezeta. Wako waliomshauri mama atafute aliyemroga. Shule moja ilimrudisha nyumbani kwa madai kwamba “hasikii”. Jamani, anasikia kupita kiasi! Mvua ikipiga bati yeye huziba masikio na kujikunyata kwenye kona mpaka iishe. Sisemi kwamba kila mwenye usonji yuko hivyo, maana hawafanani hata kidogo. Nasema habari za huyu ninayemjua.

Mjomba alikuwa na bunda la magazeti ya Sani aliyokuja nayo kwa treni kutoka Dar es Salaam, mengine hayana jalada, mengine yamekwisha kufungiwa chumvi dukani. Mdogo wangu ameyapanga kwa tarehe. Humo wamo Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Pimbi, na yule mtoto mtundu Madenge. Hawa ni bapa kwelikweli. Lofa ni lofa tangu toleo la kwanza, na Ndumilakuwili jina lake limekwisha kumaliza habari. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji walioijengea Sani jina, alifariki katika miaka ya 1980, na wachoraji wengine wakaendelea na wahusika walewale kana kwamba hakuna kilichotokea. Riwaya gani ya mhusika duara ingevumilia jambo hilo? Vivyo hivyo Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru. Mtu alifungua gazeti akijua atakutana na nani.

Hapo ndipo penye jambo. Kwetu sisi kujua mhusika atafanya nini ni udhaifu wa fani. Kwa mdogo wangu ni mlango wa kuingilia. Binadamu wanamchosha kwa sababu wanabadilika bila taarifa: baba wa asubuhi siye baba wa jioni, na jirani aliyecheka jana leo amenuna. Ndumilakuwili hawezi kumfanyia hivyo. Na kwa kuwa tabia haibadiliki, macho ya msomaji yanapata nafasi ya kutazama mengine: mkono umeshikwaje, kiatu kimechorwaje, nani yuko nyuma ya mlango. Mimi niliyesoma magazeti yaleyale kwa kucheka na kutupa sikuwahi kuyaona hayo.

Kisha kuna uso. Katika katuni hisia huandikwa nje. Hasira ina mistari yake juu ya nyusi, hofu ina matone ya jasho, maumivu yana nyota zinazozunguka kichwa. Hizi ni alama kama herufi zilivyo alama, na mtu hufundishika. Zaidi ya hayo uso uliochorwa unatulia. Unaweza kuutazama dakika tano, nao haukutazami. Anayedhani hili ni jambo dogo hajawahi kumwona mtoto anayelazimishwa “niangalie usoni ninapokusemesha!” na jinsi anavyotetemeka. Mdogo wangu alijifunza hasira kwenye Sani, ndipo akaanza kuitambua kwa watu. Siku moja alimwambia mama, “Una mistari.” Mama alikuwa amekasirika kweli.

Kuhusu maneno sina budi kumtaja juha. Yeye ni mhusika wa kale katika masimulizi ya Waswahili na Waarabu, na huko Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo kadhaa. Kichekesho cha juha aghalabu ni kwamba anaambiwa neno, naye analifuata lilivyo. Sisi tunamcheka. Mdogo wangu hamcheki, anaona juha ndiye mwenye haki na wengine ndio walioongea ovyo. Yeye mwenyewe alipoambiwa “shika adabu” alitazama mikono yake, kisha akauliza iko wapi. Naam, iko wapi? Kama kazi ya fasihi ni kuifanya lugha iliyozoeleka ionekane upya, basi usomaji huu unastahili heshima kuliko baadhi ya insha tunazosomeana kwenye semina.

Nije kwenye televisheni. Kwa miaka mingi mkoa wetu uliendeshwa na majenereta ya dizeli, kwa hiyo vijijini picha zilitufikia kwa sola, kwenye banda la video, au kwenye simu yenye memori kadi iliyojazwa mjini Kasulu. Kwa njia hiyo ndiyo Akili and Me ilifika. Inatengenezwa Dar es Salaam na Ubongo, waliotangulia kurusha Ubongo Kids mwaka 2014. Akili ni mtoto wa miaka minne, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala anaingia Lala Land, na huko anakutana na rafiki zake wanyama, akiwamo Happy Hippo na Little Lion. Kila mara ni vilevile: usingizi, nchi ya ndoto, nyimbo zenye kurudiarudia. Utafiti wa watoto wa Morogoro uliochapishwa mwaka 2018 uliona kwamba waliokitazama kipindi hiki walipata nafuu katika kuhesabu, kutambua namba, maumbo na kuchora. Vizuri, lakini mimi si mwalimu wa chekechea. Linalonivuta ni kimya chake.

Akili anauliza swali, kisha ananyamaza na kumtazama mtazamaji. Anangoja. Mtambaji wa ngano hufanya hivyohivyo anapoacha kibwagizo nusu ili hadhira ikimalizie, na hakuna mhakiki aliyewahi kuita takriri ya ngano kuwa ni ufinyu wa ubunifu. Mdogo wangu anajibu katika kile kimya. Darasani hakupewa kimya cha namna hiyo, kwani swali likitupwa mwingine alikwisha nyoosha mkono. Ubongo Kids, yenye watoto wa kijiji cha Kokotoa, hawezi kuimaliza. Wahusika ni wengi na mambo yanakwenda mbio. Mimi naipenda zaidi hiyo, lakini hapa si juu yangu.

Sasa tazama jambo hili. Sesame Street, ambayo mwaka 2008 ilikuwa na ndugu yake wa Kitanzania, Kilimani Sesame, ilimwingiza Julia katika televisheni mwaka 2017, mtoto mwenye nywele za rangi ya chungwa na mwenye usonji. Nia ni njema mno. Hata hivyo katika kipindi chake cha kwanza Julia hamjibu Big Bird, na wenzake ndio wanaoeleza kwa nini. Yaani Julia amekuwa mada. Anazungumzwa. Pablo, kipindi kilichotoka Ireland ya Kaskazini mwaka huohuo, kimekwenda mbali zaidi: mtoto mwenye usonji anachora wanyama kwa kalamu za rangi, nao wanakuwa wasaidizi wake, na sauti zao ni za watu wenye usonji. Nilimwonyesha mdogo wangu vyote viwili. Pablo alimtazama kidogo. Kisha akadai Akili, ambaye hatajwi popote kuwa na usonji.

Kidato cha tano tulikaririshwa fani na maudhui, kikombe na chai, sarafu na sura zake mbili. Mdomoni sote ni watu wa sarafu. Kalamu ikishikwa tunakimbilia chai: dhamira gani, ujumbe gani, tabaka lipi. Kwa mwendo huo tungehukumu kwamba Julia ndiye kazi ya watoto wenye usonji na Akili si yao. Msomaji mwenyewe amechagua kwa fani, yaani mwendo, takriri, kimya, na uso uliotulia.

Zipo kasoro, na sitazificha kwa sababu ya mapenzi ya ndugu. Katuni za zamani zinapenda kumaliza kisa kwa kipigo au kwa kumcheka mwenye maumbile tofauti. Mdogo wangu ameshughulikia hilo kwa njia yake: visanduku ambamo mtoto anachapwa amevibandikia karatasi nyeupe kwa uji wa muhogo, na visa vinaishia kabla. Akili and Me nayo inachanganya Kiingereza tangu kwenye jina. Nyumbani tunaongea Kiha, Kiswahili ni cha shule na soko, na sasa kijana anahesabu kuku kwa Kiingereza mbele ya bibi yake ambaye hajui hata namba moja ya lugha hiyo. Bibi anangoja amalize, kisha anazirudia zote kwa Kiha, pole pole, akiacha nafasi baada ya kila moja. Hadi kumi na moja sasa wanakwenda pamoja.